Hawakuniita: namna ya kumpokea mwanajeshi anayerudi uraiani, kwetu Kusini

Mwezi wa pili baada ya kustaafu, kaka yangu alipanda basi la alfajiri kwenda mjini kufuatilia mafao yake. Shati lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Alirudi wakati wa magharibi. Nikamuuliza, "Wamesemaje?" Akajibu, "Hawakuniita."

Alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ile tangu saa mbili asubuhi hadi wanafunga, mgongo umenyooka, bahasha ya kaki juu ya mapaja, akingoja jina lake lisomwe. Waliofika saa sita walipiga hodi, wakachungulia, wakasukumana kidogo, wakahudumiwa, wakaenda zao kula. Yeye hakuna aliyejua kama yupo.

Jeshini jina lako linasomwa. Linasomwa kwenye zamu, kwenye matibabu, kwenye uhamisho, kwenye safari ya kulinda amani Kongo au, miaka ile, Darfur. Mtu akiishi hivyo miaka ishirini na zaidi, kujipeleka mbele na kuomba kunakuwa kama utovu wa nidhamu. Huku uraiani hakuna anayemwita mtu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika simwandikii yeye. Natuandikia sisi tunaobaki naye: mke, dada, mjomba, jirani, mwenyekiti wa kijiji. Msimngoje aombe.

(Nasema "mwanajeshi mstaafu" makusudi. Ukisema "veterani" hapa Masasi au Mtwara mjini, watu watakuuliza mechi ni saa ngapi na wazee wamevaa jezi gani.)

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla hajavua gwanda

Anzeni miezi sita kabla ya tarehe yake ya kutoka, na muanze na majina. Huku kwetu jina moja lina sura nne. Mtu aliandikishwa jeshini Mohamedi, kitambulisho cha NIDA kikasema Mohamed, benki ikaandika Muhamedi, na cheti cha ndoa kikaweka jina la nyumbani ambalo hata mwenyewe halitumii tena. Kwenye kahawa hilo ni jambo la kucheka. Dirishani ni miezi.

Weka vyote mezani siku moja akiwa likizo: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, kadi ya benki, na karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi. Soma herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, apate kiapo cha majina kwa wakili au hakimu wakati bado yuko kazini, maana kikosini kuna karani anayemjua kwa sura na anaweza kusahihisha jalada. Akishatoka, anakuwa jina kwenye karatasi kama wengine.

Jambo la pili ni kujua mlango wa kugonga. Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina. Jirani yako mwalimu au nesi analipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kwa nia njema kabisa atakuelekeza huko. Mtapoteza nauli. Kila linalohusu malipo ya kila mwezi na uhakiki wa wastaafu, ulizeni habari za Hazina.

Na kuna mtu mmoja wilayani ambaye raia wengi hatumkumbuki: mshauri wa Jeshi la Akiba, yule anayesimamia mafunzo ya mgambo. Ni mwanajeshi, anajua lugha yao na anajua ofisi zao. Mpelekeni mstaafu akajitambulishe wiki ya kwanza. Nimeona kaka yangu akinywea kwenye ofisi tatu za kiraia, kisha akiingia kwa mshauri wa mgambo akawa mtu mwingine: akasimama wima, akasema shida yake kwa sentensi mbili, ikaeleweka. Ulizieni pia tawi la MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, kwa sababu mwenzake aliyestaafu miaka mitano iliyopita anajua foleni ipi inakwenda na ipi imekufa.

Mambo ya matibabu myaulize kikosini kabla hajakabidhi vitu: yeye na mwenza wake watatibiwa wapi, kwa kadi gani, kuanzia lini. Lugalo iko Dar es Salaam, na kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mtu mwenye mgonjwa hawezi kwenda kuulizia utaratibu huko.

Hatua ya pili: pesa zilale kwanza

Kiinua mgongo kikiingia, kijiji kinajua kabla mwenyewe hajatoka benki. Sijui habari hupitia wapi. Jioni hiyohiyo kuna mpwa wa pikipiki, kuna shemeji wa duka, kuna mzee wa unyago wa wajukuu, na kuna rafiki wa utotoni anayemwita "afande" kwa sauti tamu.

Ushauri wangu ni mmoja: pesa ikae siku tisini bila kuguswa, isipokuwa ya chakula, dawa na shule. Akiona aibu kukataa watu, mpeni kisingizio. Sisi tulisema imefungwa benki kwa mujibu wa utaratibu. Ilikuwa uongo mdogo, sijutii.

Ndani ya siku hizo tisini, watu wa namna tatu watamjia.

Wa kwanza ni mwenye kangomba. Kwa asiyejua mambo ya huku, kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (ule wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada), mara nyingi kabla ya msimu mkulima akiwa na njaa, kwa kipimo cha bakuli na bei ya kuua. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa, mwenye pesa taslimu kijijini ndiye mfalme, na mstaafu ndiye mwenye pesa taslimu. Atapigiwa hesabu: ukitoa leo kilo kwa bei hii, mnada wa Oktoba unaondoka na mara mbili. Hawatamwambia kwamba ni haramu, kwamba magunia yanakamatwa, na kwamba anayemnyonya ni shangazi yake mwenyewe. Pia kuna fedheha yake ya pekee. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, malori yaliyokuja kusomba magunia vijijini yalikuwa ya jeshi, na walanguzi wa kangomba ndio walioandamwa. Mwanajeshi wa jana akikutwa leo na bakuli la kangomba, watu hawatasahau.

Wa pili ni mpiga simu. "Shikamoo mzee, nakupigia kutoka Hazina, kuna nyongeza yako imekwama, tuma kiasi fulani tuifungue." Anajua jina, anajua cheo, wakati mwingine anajua na mwaka wa kustaafu. Mstaafu hutii kwa sababu sauti ni ya kiofisi. Mwekeeni sheria ya nyumbani: simu yoyote ya pesa, anasema "nitakupigia," anakata, anamletea mke au binti. Namba ya siri haitamkwi kwa simu, hata anayepiga akijiita kanali.

Wa tatu ni ndugu. Kaka alikuwa akituma pesa za kujenga miaka saba. Aliyepewa kusimamia, mtu wa ukoo wetu, alituma picha za nyumba yenye bati jekundu. Kaka alipofika alikuta msingi, kuta hadi usawa wa dirisha, na mpapai umeota sebuleni. Bati la kwenye picha lilikuwa la jirani. Hatukumshtaki, tukala naye Idi ile. Lakini tangu hapo nawaambia wote: kabla ya kutuma hata mfuko mmoja wa saruji, mtu mwingine asiye wa nyumba hiyo aende kuangalia kwa macho.

Baada ya siku tisini, wengi hukimbilia gari la abiria au nyumba ya wageni. Mimi naona bora sehemu ya pesa ifanye kazi bila kelele. Hati fungani za serikali zinanunuliwa kupitia benki, kuanzia Sh 1,000,000, na riba yake inaingia kila miezi sita. Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini, unaweza kwenda kuulizia ana kwa ana. Riba ya kila nusu mwaka inamfaa mtu aliyezoea mshahara kuliko biashara ya kugombana na makondakta.

Nyumba ina mkuu wake tayari

Hili halimo kwenye semina za kustaafu, na ndilo lililotusumbua kuliko pesa.

Siku ya pili tangu arudi, saa kumi na moja alfajiri, kaka aliwaamsha watoto wote. Wakasimama uani wakipikicha macho. Akakagua ndoo za maji, akapitisha kidole juu ya mfuniko wa mtungi, akamwonyesha mtoto wa darasa la nne vumbi kwenye kidole. Wifi alikuwa jikoni akipuliza moto. Hakusema kitu. Siku ya tano watoto walikuwa wanamwita "afande" akigeuka. Siku ya kumi wifi aliniambia, "Dada, nyumba hii nimeiendesha miaka kumi na tisa. Nimezika mama yake, nimeuza korosho, nimesomesha. Leo naulizwa kwa nini sufuria zimeinamishwa upande ule."

Usimlaumu mmojawapo. Yeye yuko nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ujana bila tarehe ya kurudi kazini. Zamani alikuwa mgeni wa likizo, anachinjiwa kuku. Mke alikuwa mkuu wa kikosi, na hakuna aliyemkabidhi mtu madaraka.

Kilichotusaidia ni kikao cha watu watatu, wao wawili na mimi, na kazi zikagawanywa kama zamu. Yeye akapewa uzio, paa, baiskeli, maji ya jioni na kufuatilia daftari za shule. Pesa ya kula ikabaki kwa mke, kama ilivyokuwa. Kuamka alfajiri akabaki nako peke yake. Watoto wakaachwa hadi saa kumi na mbili. Mnaona ni vitu vidogo. Lakini alipopewa uzio, aliufunga kwa mianzi na kamba iliyonyooka kiasi kwamba majirani walikuja kuutazama.

Msikate urafiki wake na wenzake wa kikosi. Akipigiwa simu na mtu wa platuni yake, atakaa chini ya mwembe saa nzima akicheka vicheko ambavyo nyinyi hamjawahi kuvisikia. Mwacheni. Muda wa maongezi huo ni dawa, na ni rahisi kuliko dawa.

Na kama anayerudi ni mwanamke, mambo hugeuka. Askari wa kike anaporudi kijijini, watu hawamuulizi alikotumikia. Wanamuuliza ameolewa na nani. Kesho yake yuko jikoni kwenye msiba akipewa ungo wa mchele, na hakuna anayekumbuka kwamba aliongoza watu. Akiwa mjane au ameachika, ndugu hudhani kiinua mgongo chake ni cha ukoo mzima. Mjomba au kaka mkubwa ndiye anayepaswa kusimama hadharani mapema na kusema pesa ile ni yake na watoto wake.

Ardhi, na habari ya mjomba

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo wetu hufuata mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na njomba, yaani mjomba, ndiye mwenye neno. Zamani mume alihamia kwa wakwe. Mwanajeshi aliyeondoka na miaka kumi na tisa huwa amesahau hilo, au alikuwa hajalielewa. Anarudi na picha kichwani ya "shamba la baba," anakuta shamba la baba wamelichukua wapwa wa baba, kwa haki kabisa kimila. Ugomvi unaanzia hapo, na mtu aliyefundishwa kupigana anaonekana hatari hata akinyamaza.

Kwa hiyo kabla hajanunua jembe, apelekwe kwa njomba. Aende na mkubwa wa familia, abebe zawadi ya adabu, akae mkekani, aseme nimerudi. Aeleze asichojua. Njomba atasema shamba lipi ni la nani, mikorosho ipi ilipandwa na nani, ipi imekodishwa na kwa misimu mingapi. Maana huku mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Nimeona mtu amenunua mikorosho 40 kwa karatasi ya daftari yenye saini tatu, kumbe aliyeuza alikuwa amekodishiwa kuvuna tu.

Akishapata pa kulima, afuate Serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke liandikwe humo pamoja na lake. Mauziano yapite kwenye halmashauri ya kijiji, mipaka itembelewe kwa miguu na majirani wa pande zote nne wakiwepo. Karatasi ya shahidi mmoja chini ya mwembe haitoshi.

Mkorosho mpya huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, na wataalamu hupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kwa hiyo miaka ya mwanzo apande ufuta, mbaazi au mihogo katikati. Miche na ushauri vipo kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. Ajiunge na AMCOS ya kijiji, chama cha ushirika cha wakulima, mapema, maana malipo ya mnada hupitia huko hadi kwenye akaunti yake.

Kazi

Si lazima alime. Fundi magari wa jeshi, mpishi, fundi umeme, mwashi, dereva wa malori mazito, wote wana ujuzi usio na cheti kinachosomeka uraiani. VETA, ambayo ina vyuo Mtwara na Lindi, huwapima watu waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Dereva aangalie daraja la leseni yake ya kiraia kabla ya kuomba kazi ya malori.

Watu watamwambia ulinzi. Ni kazi halali na kampuni huwapenda wastaafu, ila mimi huwa nasita. Mtu aliyelala kwenye mahandaki miaka ile, kumpa tena usiku wa peke yake getini na tochi si kumpumzisha. Akitaka mwenyewe, sawa. Asisukumwe.

Aliyerudi na ulemavu asikae ndani. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ina fungu la asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hapa ndipo ule ugonjwa wa kutoomba unapouma kuliko pote: aliyejeruhiwa akilinda nchi huona kujiita mlemavu mbele ya meza ni kujidhalilisha. Mjazieni fomu nyinyi, mkae naye wakati wa kusaini.

Yaliyomfuata

Baadhi yao wameona mambo. Desemba 2017, walinda amani wetu zaidi ya 10 waliuawa kwa siku moja kule Semuliki, mashariki mwa Kongo. Waliokuwa jirani na kambi ile wamerudi. Wengine wamelinda huku huku, kandokando ya Ruvuma, baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020. Hawatakuhadithia wakinywa chai.

Utaona tu ishara. Anakaa akitazama mlango, hataki kiti cha kumpa mlango mgongo. Anashtuka na kulala chini mtoto akipasua puto. Jinamizi. Hasira ya ghafla kwa jambo dogo, kisha aibu siku nzima. Kukwepa misiba. Kukwepa watu. Ikizidi mwezi mmoja, si tabia, ni kiwewe, na kina tiba.

Huku kwetu kuna vichokozi vyake. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, mashine huanza kunguruma gizani, kabla umande haujakauka, upande huu na upande ule wa kijiji. Mwaka wa kwanza kaka alitoka nje kwa magoti. Kwa wa pwani kuna baruti za wavuvi haramu: mlio mmoja baharini na mtu ameangusha kikombe. Huwezi kuzuia salfa, lakini unaweza kumwambia usiku uliotangulia: kesho kwa fulani wanapulizia. Tulimwomba jirani awe anatuambia. Anatuma mtoto. Basi. Na kumwamsha usingizini, msimguse bega. Simameni mlangoni, mmwite jina.

Jambo la pombe nitalisema wazi. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kuanguka, uraka, pombe yake, unapatikana kila kona kwa bei ya maji, na nyuma yake kuna nipa, gongo lake. Mtu asiyelala hugundua haraka kwamba nipa inalaza. Msimpigie kelele mbele ya watu. Angalieni usingizi kwanza. Mkitibu usingizi, nusu ya kiu huondoka.

Tiba ipo. Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi ni hospitali za rufaa za mkoa, na Mtwara sasa ina pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Uliza huduma ya afya ya akili. Kama neno hilo linamkera, mwambieni mnaenda kwa ajili ya usingizi na presha, si uongo, kisha umweleze daktari yaliyobaki. Mganga wa kienyeji, shehe au padri akitaka kumwombea, aombewe, ila tarehe ya kliniki isivukwe.

Akianza kusema bora angekufa na wenzake, akagawa vitu vyake, akaaga watu bila safari, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo. Viuatilifu vya mikorosho vitoke ndani ya nyumba vikafungiwe kwa jirani, panga nalo liondoke, na asubuhi ni hospitali. Kama ana silaha yenye kibali cha polisi, hiyo nayo iondoke mikononi mwake.

Mtaani

Wapo majirani ambao bado wanakumbuka Mei 2013, vurugu za bomba la gesi, na wanajeshi mitaani Mtwara. Kwao "mjeda" si neno la salamu. Msilazimishe. Mtu hubadilisha fikra akimwona mstaafu anachimba kaburi na wengine, anabeba jeneza, anapiga deki msikiti au kanisa. Mpeni kazi ya mikono kwenye shughuli za watu kabla hamjampa kiti cha kamati. Akishazoeleka, kamati ya shule itamtafuta yenyewe kwa mchakamchaka wa watoto, naye atafurahi kuliko mnavyodhani.

Sare zirudishwe zote. Raia havai sare ya jeshi, hata suruali moja ya shambani, itamletea maneno.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kama mko karibu na Mtwara mpelekeni Naliendele yalipo makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Nendeni naye, msimtume peke yake. Kaka hakusema neno njiani kwenda wala kurudi. Usiku ule alilala mpaka saa moja asubuhi.

Bahasha

Hatua ya mwisho huachwa kwa sababu inaonekana kama uchuro. Andaeni bahasha moja: nakala ya barua ya kustaafu, namba ya jeshi, karatasi za pensheni, namba ya akaunti, vyeti vya ndoa na vya watoto, hati ya shamba, na majina ya wategemezi yaliyoandikwa sawasawa na vitambulisho vyao. Ongezeni karatasi yenye namba ya simu ya mshauri wa Jeshi la Akiba na ya mwenzake mmoja wa MUWAWATA. Akifariki, hao wawili wapigiwe siku hiyohiyo, kabla ya mazishi, ili jeshi na wenzake wajue. Kifo kiripotiwe na Hazina, maana pensheni ikiendelea kuingia na familia ikaitumia, mjane ndiye atakayedaiwa.

Ya kwetu iko ndani ya sanduku la vitenge la wifi, chini kabisa. Kaka alitaka ikae kwenye begi lake la kijani. Wifi akasema hapana, naye akajibu, "Sawa, afande."